Miezi minane na Podman katika duka la vipuri la Kibuye

Duka ninalolihudumia liko karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu. Linauza vipuri vya pikipiki, na lina tawi dogo Luanda, katika Kaunti ya Vihiga, kwenye barabara ya Busia. Kazi yangu ni kutunza mfumo wa mauzo na stoo: programu moja ndogo tuliyoiandika wenyewe, hifadhidata ya PostgreSQL nyuma yake, na kompyuta tatu za Debian 12 (aina ya Linux), mbili Kisumu na moja Luanda. Mfumo huo uliendeshwa kwa miaka miwili na Docker, programu inayoendesha makontena (vifurushi vinavyobeba programu pamoja na kila inachohitaji), kisha nikauhamishia Podman, inayofanya kazi hiyohiyo, na miezi minane ya kuandika amri zake karibu kila siku imenipa mambo kadhaa ya kusema juu yake. Ninayemwandikia ni mtu anayejua kufungua terminali na kuandika amri, asiye na idara ya teknolojia ya kumtegemea, na anayenunua intaneti kwa bando.

Historia yake ni fupi. Docker ilitangazwa Machi 2013, na ndiyo iliyofanya makontena ya programu yazoeleke duniani. Podman ililetwa baadaye na kampuni ya Red Hat, toleo lake la 1.0 likatoka Januari 2019, na mwaka huohuo Red Hat Enterprise Linux 8 ikatolewa ikiwa na Podman badala ya Docker. Zote mbili zinategemea uwezo uleule uliomo ndani ya kiini cha Linux, yaani kutenga michakato isionane na kuiwekea mipaka ya kumbukumbu na kichakataji, kwa hiyo mtu asitarajie programu yake kukimbia zaidi eti kwa sababu amebadilisha jina la amri. Wala sikuhama kwa ajili ya bei. Ni kweli kwamba tangu 2021 Docker Desktop hutozwa malipo kwa kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka, lakini duka la watu saba haliko karibu na mipaka hiyo, na injini ya Docker kwenye Linux ni bure.

Nilihama kwa sababu ya kaunta. Katika mpangilio wa kawaida wa Docker kuna programu moja inayokesha chinichini ikiwa na mamlaka yote ya mtumiaji mkuu, na kila amri unayoandika ni ombi tu linalopelekwa kwake. Ili kijana wa kaunta aweze kuwasha upya mfumo siku ninapokuwa Luanda, ilinibidi nimwingize katika kundi la `docker`, na aliyemo katika kundi hilo anaweza kufika popote katika kompyuta, kwa kuwa hakuna kinachomzuia kuwasha kontena lililounganishwa na folda kuu ya mashine yenyewe. Simshuku kijana huyo hata kidogo. Ninachokishuku ni flashi za wateja zinazochomekwa kwenye kompyuta ile wakitaka kuchapishiwa risiti na barua. Podman haina programu hiyo inayokesha. Amri huwasha kontena moja kwa moja, chini ya jina la mtumiaji aliyeiandika, na kosa likitokea ndani ya kontena, madhara yake huishia kwenye mamlaka ya mtumiaji huyo wa kawaida.

Amri zenyewe hazina ugeni, kwa kuwa waundaji wake waliamua kwa makusudi kufuata majina ya Docker. Fundi wa nguo hukata karatasi ya kielezo mara moja, kisha akashona nguo nyingi kwa kielezo hichohicho. Imeji ndiyo kielezo, kontena ndiyo nguo. `podman pull` huleta kielezo kutoka ghala la mtandaoni, `podman images` huonyesha vielezo ulivyonavyo, na `podman run` hushona nguo na kuivaa papo hapo. Mfumo wetu huwashwa kwa `podman run -d --name duka -p 8080:8000` ikifuatiwa na jina la imeji: `-d` hulifanya kontena lifanye kazi nyuma bila kuishikilia terminali, na namba mbili zile humaanisha kwamba anayebisha mlango (port) wa 8080 wa kompyuta atafunguliwa mlango wa 8000 ndani ya kontena. Mtumiaji wa kawaida hawezi kufungua milango iliyo chini ya 1024, kwa hiyo aliyezoea kutumia mlango wa 80 ajiandae kubadilisha anwani au kurekebisha mpangilio wa kiini.

Tofauti ya kwanza mtu ataiona kwenye majina. Docker ukiiambia `postgres` huelewa moja kwa moja kwamba unataka imeji iliyo Docker Hub, ghala la mtandaoni la Docker. Podman hupenda uandike `docker.io/library/postgres:16`, pamoja na lebo ya toleo. Mwanzoni niliona ni usumbufu, lakini sasa naiona ni adabu njema, kwa kuwa jina fupi haliambii anayelisoma kitu kilitoka wapi, na kuacha lebo ni kukubali toleo lolote litakalokuwa ghalani siku hiyo. Ghala lenyewe nalo lina kikomo: tangu Novemba 2020 Docker Hub huhesabu ni mara ngapi anwani moja ya intaneti imevuta imeji bila kujitambulisha. Anayetumia intaneti ya simu mara nyingi hushiriki anwani moja na wateja wengine wengi, na anaweza kuambiwa amezidisha kabla hajavuta hata imeji ya pili. Kufungua akaunti na kuandika `podman login docker.io` hupunguza adha hiyo.

Jambo lililonitoa jasho zaidi lilikuwa `podman ps`, amri inayoorodhesha makontena yanayofanya kazi. Asubuhi moja nikiwa kwenye matatu, kijana wa kaunta alinipigia akasema, "Mkubwa, makontena yote yamepotea." Alikuwa ameingia kwa akaunti yake, akaandika amri hiyo, na orodha ikarudi tupu. Hakuna kilichopotea. Katika Podman kila mtumiaji ana makontena yake, imeji zake na hifadhi yake ndani ya folda yake ya nyumbani, na mtumiaji mmoja hayaoni ya mwingine. Hata `sudo podman ps` huonyesha ya mtumiaji mkuu peke yake, wala si ya wote. Hilo ndilo tunda la usalama uleule niliousifu hapo juu, lakini hakuna anayekuonya mapema, na mtu mwenye haraka anaweza kuanza kujenga upya mfumo uliokuwa mzima. Tulitatua kwa kufungua akaunti moja ya huduma inayomiliki makontena yote, isiyo na mamlaka ya ziada, na anayetaka kuyagusa huingia kwa akaunti hiyo.

Kontena likikataa kuamka, `podman ps -a` huonyesha hata yaliyozimika, `podman logs duka` huonyesha maneno ya mwisho ya programu kabla haijaanguka, na `podman exec -it duka sh` humwingiza mtu ndani ya kontena lililo hai akague mwenyewe. Kuhusu `podman stop` ni vyema kujua kwamba kontena hupewa ishara ya kufunga kazi na kungojwa sekunde 10, kisha huuawa kwa nguvu. Kwa hifadhidata huwa naongeza `-t 60`, kwa kuwa sekunde 10 ni chache siku ya mauzo mengi. `podman rm` huondoa kontena na `podman rmi` huondoa imeji, na zote mbili hukataa ikiwa kitu bado kinatumika. Data iliyoandikwa ndani ya kontena huondoka nalo, na ndiyo sababu PostgreSQL yetu huandika kwenye hifadhi ya nje iliyoundwa kwa `podman volume create` na kuunganishwa kwa `-v`.

Sasa nifike kwenye amri mbili ambazo kwangu zina thamani kuliko nyingine zote, yaani `podman save` na `podman load`. Imeji yetu na ile ya hifadhidata zina ukubwa ambao bando la Luanda halipendi, na zamani kila toleo jipya lilipakuliwa mara tatu, mara moja kwa kila kompyuta. Siku hizi naivuta mara moja Kisumu, naandika `podman save -o duka.tar` pamoja na jina la imeji, naiweka faili hiyo kwenye flashi, na flashi inavuka ikweta pale Maseno ikiwa mfukoni mwa kondakta. Luanda wanaandika `podman load -i duka.tar` na imeji inakaa mahali pake ikiwa na jina lake, lebo yake na matabaka yake yote (vipande vinavyoiunda), bila kuonja hata MB moja ya bando. Docker pia inaziweza amri hizi, na faili ya moja husomwa na nyingine, jambo lililonirahisishia wiki ile ya kuhama, kompyuta moja ikiwa bado ya zamani. Mwenye duka, ambaye haulizi habari za makontena, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mbona mwezi huu bando la Luanda halijaisha?"

Ila mtu asichanganye amri hizo na `podman export` na `podman import`, kama nilivyochanganya mimi. `export` hubeba faili zilizomo ndani ya kontena lakini huacha maelezo ya imeji, likiwemo lile la amri ya kuanzisha programu, kwa hiyo kilichofika Luanda siku ile kilikuwa na kila kitu isipokuwa kujua cha kufanya kikiamshwa. Nililipa nauli ya kwenda na kurudi kwa kosa la neno moja.

Udhaifu mkubwa wa Podman kwa mazingira yetu ni kuamka baada ya stima kupotea. Kwa kuwa hakuna programu inayokesha, hakuna wa kuyaamsha makontena kompyuta inapowaka. Kazi hiyo inapaswa kukabidhiwa systemd, programu ya Linux inayoanzisha huduma kompyuta inapowaka. Kwenye Debian 12 yenye Podman 4.3 utaandika `podman generate systemd --new --files --name duka`, uhamishie faili inayotoka kwenye folda ya `.config/systemd/user`, uiwezeshe kwa `systemctl --user enable`, kisha usisahau `loginctl enable-linger`, kwa kuwa bila hiyo huduma za mtumiaji hungoja mpaka aingie na huzimwa akitoka. Mimi niliisahau hatua ya mwisho. Stima ikakatika usiku, ikarudi alfajiri, na duka likafunguliwa bila mfumo. Risiti zikaandikwa kwa mkono hadi saa nne asubuhi, nami nikashinda nikiziingiza moja moja. Katika Docker ningeandika `--restart always` na kulala. Toleo la 4.4 lilileta Quadlet, njia iliyo nadhifu zaidi, inayotumia faili fupi ya maelezo, lakini Debian 12 haina toleo hilo katika hazina zake za kawaida, na sikutaka kuchanganya vyanzo kwenye mashine inayopokea pesa za watu.

Nafasi ya diski inahitaji jicho. Imeji za zamani hurundikana kimyakimya, na `podman system df` huonyesha zimekula kiasi gani. `podman system prune` hufagia makontena yaliyozimika na matabaka yasiyo na jina. Ukiongeza `-a`, hufagia kila imeji ambayo hakuna kontena linaloitumia, pamoja na ile uliyoivuta jana kwa ajili ya kesho, na bando lake likaenda nayo. Hifadhi za data haizigusi mpaka uitaje `--volumes`, neno ambalo sijaliandika na sikusudii kuliandika kwenye mashine ya duka.

Kwa duka lenye kompyuta chache, watumiaji wasio mafundi na intaneti ya kupimwa, ningeichagua Podman tena. Anayefanya kazi peke yake kwenye laptopu moja, na ambaye Docker haijawahi kumsumbua, sioni kwa nini ajisumbue. Anayetegemea sana faili za Compose, zinazowasha makontena kadhaa kwa pamoja, ajaribu kwanza pembeni, kwa kuwa `podman-compose` ni mradi tofauti, nami kwa mfumo wa makontena mawili sikuihitaji. Kompyuta ya Luanda naipandisha hadi Debian 13 mwishoni mwa mwezi, ambayo ina Podman ya 5 na Quadlet ndani yake. Faili tatu za huduma nimeshaziandika, na flashi iko tayari kwenye droo ya kaunta.