Vifaa vya DJ na msanii huru Kigoma: kipi kinunuliwe kwanza

Wengi wanaoanza muziki Mwanga au Ujiji hununua kontrola (meza ya DJ inayoendesha programu ya laptopu) kwanza, kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye picha. Mpangilio wetu unaanza kwingine. Kila kifaa tumekipima kwa maswali mawili: kikifa, kazi inasimama? Na kikiharibika, kipuri kinapatikana hapa? Vipuri vingi vinatoka Kariakoo, na kwa reli kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Kosa la kebo moja linaweza kukugharimu harusi ya Jumamosi.

1. Stabilaiza na nyaya

Kwa kila shilingi 100,000 ya bajeti, tenga 20,000 hapa kabla ya kugusa kitu kingine. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Kinachoua vifaa mara nyingi si kukatika kwake, ni namna unavyorudi: unaruka juu, na nyumba nzima imeachwa imewashwa. Jenereta ndogo nayo hupandisha na kushusha volti kila mzigo unapobadilika.

Ukubwa wa stabilaiza usikadirie kwa maandishi ya mbele ya spika. Geuza spika usome kibandiko cha nyuma, pale panapoonyesha umeme inaokula. Tuseme spika mbili zinakula wati 150 kila moja na chaja ya laptopu 65: jumla ni wati 365. Zidisha kwa mbili, kisha panda hadi saizi inayofuata dukani, yaani VA 1000 (VA ni kipimo cha uwezo wa stabilaiza). Nafasi hiyo ya ziada ni muhimu, maana umeme ukishuka sana, uwezo wa stabilaiza hushuka nao. Angalia pia muda wa kusubiri. Stabilaiza zilizotengenezwa kwa ajili ya friji husubiri kama dakika tatu kabla ya kurudisha umeme. Friji inafurahi, ukumbi uliojaa watu haufurahii. Nunua yenye kitufe cha kuchagua muda mfupi.

UPS (betri ya akiba ya kompyuta) tumeiacha nje ya orodha kwa anayetumia laptopu. Saundi kadi (kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) na kontrola nyingi ndogo hula umeme wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea kurekodi kwa betri ya laptopu, mradi iwe nzima. Mwenye kompyuta ya mezani ndiye anayeihitaji.

Kwenye jenereta: iwashe kwanza, iache itulie dakika chache, ndipo uunganishe. Spika ziwe za mwisho kuwashwa na za kwanza kuzimwa, la sivyo kishindo cha kuwasha miksa kitazifikia.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukiisha, tatizo ni vifaa kuwa na njia mbili za kwenda ardhini. Lisha kila kitu kutoka ekstensheni moja, au weka DI boksi (kiboksi kinachotenganisha njia ya ardhi ya vifaa) kati ya kontrola na spika. Usikate pini ya ardhi ya plagi hata kama fundi wa mtaani anakuhimiza. Pini hiyo ndiyo inayokulinda wewe usipigwe shoti.

Kebo ya RCA (ile ya vichwa viwili, chekundu na cheupe) isizidi mita tatu. Kwa umbali mrefu tumia XLR (yenye kichwa cha pini tatu), ambayo hubeba sauti kwenye waya mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine, ili kelele zinazoingia njiani zifutane. Fungua kichwa cha kebo kabla ya kulipa: kama hakifunguki kwa skrubu au kwa kuzungusha, siku waya ukikatika utaitupa kebo nzima.

2. Maiki dinamiki

Maiki dinamiki ndiyo ngumu ya jukwaani, isiyohitaji umeme. Dukani watakuonyesha kondensa inayong'aa, yaani maiki nyepesi kusikia inayohitaji umeme, mara nyingi BM-800 au nduguye, yenye kebo ya kuchomeka kwenye simu au laptopu. Maiki hiyo inataka volti 48 kutoka saundi kadi au miksa. Ukiichomeka moja kwa moja unapata sauti hafifu iliyojaa mchanga. Hata ukiipa volti zake, chumba chenye paa la bati kitakushinda: kondensa inasikia matone ya kwanza ya mvua, bodaboda ya nje na feni. Unyevunyevu wa ziwani nao huifanya itoe mivumo na mikwaruzo.

Shure SM58 ndiyo chaguo la kwanza. Ipo tangu 1966, haihitaji volti 48, inachukua zaidi sauti ya mbele, na inavumilia kuangushwa. Mwimbaji asogee vidole viwili au vitatu kutoka kwenye wavu. Feki ni nyingi sana. Halisi ina uzito wa gramu 298 hivi bila kebo. Omba mzani wa muuza dagaa, wala usione haya. SM58 ya kawaida haina swichi, yenye swichi huitwa SM58S. Fedha ikiwa haitoshi, Behringer XM8500 inafanya kazi ya heshima kuliko SM58 ya bandia.

3. Saundi kadi (kwa anayerekodi)

Behringer UMC202HD ina njia mbili za maiki, kwa hiyo unaweza kurekodi sauti na gitaa kwa wakati mmoja. Focusrite Scarlett Solo ina njia moja ya maiki na nyingine ya gitaa, inatosha msanii anayeimba peke yake. Maiki dinamiki hutoa sauti ndogo: kama lazima ukaze kitufe hadi mwisho ndipo usikike, mwimbaji yuko mbali mno.

DJ asiyerekodi aruke hapa.

4. Hedifoni

Ziwe zilizofungwa, za waya. Za Bluetooth huchelewa, na DJ akichelewa biti zinagongana. Sennheiser HD 25 inabadilishwa kipuri kwa kipuri. Audio-Technica ATH-M50x ina kebo inayochomoka. Hiyo kebo inayochomoka ndiyo sababu kubwa ya kuzichagua, kwani kebo ndiyo inayokufa kwanza.

5. Kontrola

DDJ-FLX4 ya Pioneer DJ inafanya kazi na programu za DJ za rekordbox na Serato DJ Lite, ina tundu la maiki, lakini sauti yake kuu inatoka kwa RCA tu, kwa hiyo rudi kwenye kanuni ya mita tatu. DDJ-200 haina saundi kadi ndani. Bila kebo ya kugawanya hutasikia wimbo unaofuata kwenye hedifoni wakati ukumbi unasikia mwingine. Ya mitumba ijaribiwe na programu ikiwa wazi: sogeza kila fada (kitelezi cha sauti) polepole kutoka mwisho hadi mwisho ukitazama skrini. Alama ikiruka, vumbi limeingia. Dawa ya kusafishia kontakti huweza kusaidia. Ikishindikana, fada mpya itabidi itoke Dar.

Flashi za nyimbo ziumbizwe (format) kwa mfumo wa FAT32, maana ndiyo inayosomeka kwenye mashine nyingi za ukumbini, na ziwe mbili zenye nyimbo zilezile. Kabla ya kuzitegemea, zijaribu kwa programu ya H2testw: flashi iliyoandikwa GB 64 huweza kuwa na 8 za kweli, na utajua tu pale faili za mwisho zinapokataa kufunguka.