Kutoka Nikon FM2 hadi Fujifilm X-T2: tazama kwanza pete ya apacha

Kama mkono wako umezoea FM2, kamera ya mkanda ya Nikon, megapikseli ziache kwanza. Uliza apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, inageuzwa wapi. Nimetumia Nikon Z fc ya 2021 na Fujifilm X-T2 ya 2016, na kwa sababu hiyo moja nimebaki na X-T2 ya mtumba.

Kwa sura, Z fc ni FM2 kabisa: spidi ya shata, ISO na fidia ya mwanga zote ziko juu. Ila lenzi zake za Nikon, hata ile 28mm f/2.8 iliyopambwa kizamani, hazina pete yenye namba za f, yaani namba za apacha. Unazungusha gurudumu la mwilini, kisha unasoma namba kwenye kidirisha kidogo. Pete ya lenzi unaweza kuipangia kazi hiyo kwenye menyu, lakini inateleza bila kugota, kwa hiyo huwezi kuhesabu stopu (hatua za kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu) kwa vidole. Mpiga video ataipenda Z fc kwa skrini yake ya kugeuza. Mtu wa mkanda atajiona kavaa koti la kuazima.

X-T2 yenye XF 35mm f/2 (sawa na 53mm kwenye mkanda) inagota kila theluthi ya stopu, shata inafika 1/8000, na gurudumu la ISO lina kufuli. Kamera ikiwa imezimwa bado unaona umepanga nini. Tatizo ni fokasi: pete inazunguka bila kikomo wala kipimo cha umbali, maana inaendeshwa kwa umeme. Ukitaka kipimo, tafuta XF 14mm f/2.8, ambayo pete yake ukiivuta nyuma inafichua namba za mita.

Lenzi zako za AI na AI-S, zile za zamani za Nikon za kufokasi kwa mkono, zinaingia kwenye X-T2 kwa adapta. Washa Shoot Without Lens kwenye menyu, la sivyo shata haifyatuki. Kwa kuwa sensa ni ndogo kuliko fremu ya mkanda, 50mm inakuwa kama 75mm, na 28mm kama 42mm. Jihadhari na adapta za bei rahisi: nyingi huchongwa fupi kidogo, lenzi ikapita alama ya mbali kabisa, na namba za umbali zikawa za uongo. Wanaofokasi kwa kukadiria ndio wanaoumia. Hata adapta ikiwa sahihi, alama za kina cha fokasi (zinazoonyesha kutoka wapi hadi wapi picha itakuwa kali) zisome kwa stopu moja pungufu: ukipiga f/8, fuata mistari ya f/5.6.

Mwanga nao una kawaida yake. Negativu tulizoea kuiongezea stopu moja, na inavumilia. Sensa ni kama slaidi: mawingu yakishaungua, hakuna cha kurudisha. Pima sehemu angavu, vivuli utaviinua baadaye. DR400, mpangilio wa Fujifilm wa kulinda sehemu angavu, inasaidia, lakini inataka ISO 800 kwenda juu, na kwa jua la mchana utajikuta 1/8000 haitoshi kwa f/2.

Ukinunua iliyotumika, piga ukuta mweupe kwa f/16 bila fokasi. Vumbi la sensa litaonekana kama madoa ya kijivu. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma kutafuta ukungu, hasa ikiwa imekaa Pwani. Geuza kila gurudumu mwanzo hadi mwisho. Na beba betri tatu: moja inatoa takriban fremu 340, na ikiisha shata haifyatuki, tofauti na ya FM2 ambayo haihitaji betri.