Vibamba vya Mazeras na matofali ya matumbawe: yadi nzuri, maelezo haba

Yadi hii ya mawe, iliyo nje kidogo ya mji wa Malindi, huuza vibamba vya Mazeras, yaani vya jiwe la mchanga ulioganda, vya kutandika sakafu pamoja na matofali ya matumbawe, na baada ya kununua aina zote mbili kwa ajili ya baraza na bafu, naona kwamba bidhaa zenyewe zinashinda maelezo ya wauzaji. Tuliambiwa kwamba jiwe ni jiwe, tofauti ni rangi tu. Si kweli.

Nilimwagia kila moja maji kidogo palepale: tofali la matumbawe liliyanywa mara moja, ilhali juu ya kibamba yalisimama, kisha yakaacha doa lililoenea polepole. Matumbawe ya pwani yetu ni machanga kwa hesabu ya miamba, wala hayakupata kufukiwa chini sana, kwa hiyo vitundu vyake vingi vimebaki wazi. Mchanga uliozaa jiwe la Mazeras, kinyume chake, ulilundikana miaka ipatayo milioni 200 iliyopita, ukalaliwa na tabaka nyingine. Mchanga mpya huwa na uwazi, yaani nafasi kati ya punje, wa karibu asilimia 40, na tope hata zaidi ya 70. Uzito unapozidi, punje hujipanga upya na kubanana, na maji yaliyokuwa kati yake husukumwa nje. Mchanga ukifikia kina cha kilomita 2 au 3 hivi, ambako joto hupita nyuzi 70, punje huweza kuyeyuka kidogo pale zinapogusana, na madini yake yakaganda katika nafasi zilizosalia, yakizishikamanisha kama saruji. Hata mwamba ukiinuliwa baadaye hadi juu ya ardhi, sehemu kubwa ya uwazi uliopotea hairudi.

Kwa sababu hiyo bafuni nimeweka Mazeras, na matumbawe nimeyatumia ukutani, ambako wepesi wake na urahisi wa kuchongeka ni faida. Lakini yasigusane na udongo wenye chumvi, kwani hufyonza unyevu hadi lipu ikabambuka.

Mzigo ulifika kwa wakati. Ila vibamba kadhaa vilikuwa na utando wa udongo kati ya tabaka zake, vikachanika kama maandazi ya jana fundi alipovigonga. Anayenunua hapa asimame mwenyewe wakati wa kupakia, agonge kila kibamba kwa nyundo ndogo, na kile kinachotoa mlio mfu akikatae.