Trauti wa Texas: fimbo ipi ununue kwanza, na kwa nini pesa iende kwenye mshipi

Mwisho wa Novemba ukifika Texas, malori ya Texas Parks and Wildlife, idara ya jimbo ya bustani na wanyamapori, huanza kumwaga trauti (samaki, kwa Kiingereza trout) hai kwenye viziwa vya bustani za mijini, na huendelea hadi mwanzoni mwa Machi. Ratiba ya kila ziwa iko kwenye tovuti yao. Ndipo simu zinapoanza: "Kaka, ninunue fimbo gani?"

Baridi yangu ya kwanza nilienda na fimbo ndefu ya baharini na mshipi wa paundi 20, yaani unaostahimili mvuto wa paundi 20 kabla ya kukatika. Nilikaa tangu alfajiri hadi saa nne bila kuguswa. Pembeni yangu mzee mmoja wa Bukavu alikuwa ameshatoa wanne. Akaja, akaushika mshipi wangu kwa vidole viwili, akacheka: "Mtoto wangu, hii ni kamba ya mbuzi." Fimbo hakuitazama kabisa.

Kwa hiyo orodha hii naipanga kwa swali moja: kifaa kinaweza kutupa chambo chepesi kwa mshipi mwembamba?

Namba 1: fimbo nyepesi ya futi 6 au 6 na nusu, yenye rili ya wazi (spinning reel) ya saizi 2000. Inauzwa ikiwa seti, kwa kawaida kati ya dola 40 na 60. Ugly Stik GX2 ndiyo ninayowaambia wengi, si kwa sababu ni tamu kuliko zote, bali kwa sababu hata mtoto akiikanyaga haivunjiki upesi. Tafuta neno "light" karibu na mpini. Shida ya seti hizi ni mshipi unaokuja nao: mara nyingi ni wa paundi 8 au 10. Utoe. Nunua mshipi wa nailoni wa paundi 4, dola chache tu, uujaze hadi karibu na ukingo wa rili. Mwembamba hutoka bila kujikunja, hubeba chambo mbali, na trauti hauoni kirahisi. Kisha legeza breki ya rili. Samaki akivuta, mshipi uweze kutoka kidogo, la sivyo paundi 4 hukatika kama uzi wa kushonea.

Namba 2: rili ya kitufe (spincast), kama Zebco 33. Unabonyeza, unarusha, unaachia. Kwa mtoto, au kwa mama mkwe aliyekuja kutembea na anataka kujaribu, hii ndiyo namba moja. Haifiki mbali kama ile ya wazi, na mshipi uliofichwa ndani ukisokotana huujui hadi umeharibika. Kampuni yenyewe ilianza Tulsa ikitengeneza mabomu ya kufungulia visima vya mafuta. Jina Zebco ni ufupisho wa Zero Hour Bomb Company. Ajabu ya Marekani.

Namba 3: fimbo nyepesi sana (ultralight) ya futi 5. Trauti wa nusu kilo juu yake ni raha tupu. Ila ukiwa nchi kavu, ufupi wake unakunyima umbali. Iwe ya pili, isiwe ya kwanza.

Namba 4: fimbo ya kukunjika (telescopic). Inaingia kwenye begi, inafaa kwa anayepanda basi. Viungo vyake hulegea, na ncha huvunjika. Kama una gari, iache dukani.

Namba 5: fimbo ya inzi bandia (fly rod). Nzuri, lakini ni shule ya peke yake. Na fimbo nzito ya baharini? Kawape wanaokwenda kuvua baharini Galveston.

Pesa iliyobaki, nunua hivi. Ndoana ndogo: za meno matatu saizi 16, au za jino moja saizi 10. Kumbuka namba ikikua ndoana inapungua. Chubwi chache zenye tundu katikati, mshipi upite ndani. Vipete vidogo vya chuma vinavyozunguka (swivel), vya kuzuia chubwi isiteremke. Baada ya kipete acha sentimita 45 hadi 60 za mshipi, ndipo ndoana.

Chambo? Samaki hawa wamelelewa kwa vidonge vya chakula, kwa hiyo PowerBait, chambo cha dukani kama unga uliokandwa, hushinda kila kitu siku chache za mwanzo baada ya lori kuja. Huelea: chubwi inalala chini, kidonge cha chambo kinapanda juu ya majani. Kifinyange kama njegere, kifunike ndoana yote. Kikubwa zaidi ya hapo trauti hukimung'unya bila kumeza. Baada ya wiki moja hivi badilisha, weka mnyoo chini ya boya, au vuta polepole kibati kinachozunguka (spinner).

Leseni: mwenye miaka 17 na zaidi anahitaji leseni yenye kibali cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi (freshwater). Ukivua ukingoni ndani ya bustani ya jimbo (state park) huihitaji, unalipa kiingilio tu. Kwa siku trauti 5 kwa mtu, wa ukubwa wowote.

Usione haya kuwabeba. Maji yakipanda zaidi ya nyuzi 21 hivi za Selsiasi huanza kutaabika, na joto la Texas huwaua karibu wote. Chukua kasha lenye barafu, maana nyama yake hulegea haraka. Magamba ni madogo mno, huna haja ya kuparua: tumbua, chumvi, ndimu, kaanga mzima.