GeoGebra na vikomo vya funksheni za vipande: uzoefu wangu

Muhula wa kwanza chuoni tulipewa kwenye jaribio swali la funksheni ya vipande, yaani yenye fomula tofauti kwa sehemu tofauti za x: funksheni ni x² + 1 pale x ikiwa chini ya 2, ni 3x − 1 pale x ikizidi 2, na x ikiwa 2 kamili thamani yake ni 9. Tafuta kikomo x ikikaribia 2. Niliandika 9, nikakosa. Iliniuma, maana mada hiyo nilikuwa nimeikeshea.

Jibu ni 5. Ukija kutoka kushoto unapata 2² + 1, yaani 5. Ukija kutoka kulia unapata 3 × 2 − 1, tena 5. Ile 9 haihusiki hapa, kwa sababu kikomo kinauliza thamani ya funksheni inaelekea wapi x ikikaribia 2, si thamani iliyopo kwenye 2 yenyewe. Mhadhiri aliyasema haya na nikayaandika daftarini, lakini yaliniingia siku nilipoweka kwenye simu GeoGebra, programu ya kuchora grafu na kufanya hesabu.

Programu hii ni ya bure. Aliianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa Salzburg, Austria. Niliipakua mara moja kwa waifai ya hosteli hapa Wandegeya, Kampala, na sasa nachora grafu hata bando likiisha.

Kwa vipande unatumia amri ya If: unaandika sharti, halafu fomula yake, kisha sharti linalofuata. Vikomo ndipo penye siri. Amri ya kawaida ya Limit si ya funksheni za vipande. Mwongozo wao unaelekeza utumie LimitBelow kwa upande wa kushoto na LimitAbove kwa upande wa kulia. Mimi nalipenda hilo sana. Linakulazimisha kuuliza pande zote mbili, na ndivyo unavyotakiwa kufanya kwenye karatasi pia. Hatua unaziandika mwenyewe, kwa hiyo fanya kwa mkono kwanza ndipo uhakikishe kwa simu.

Iliponifaa zaidi ni nyumbani Busia. Mjomba wangu anafundisha shule ya binafsi, na aliahidiwa nyongeza kutoka shilingi 400,000 hadi 420,000 kwa mwezi. Alikuwa na wasiwasi: "Mwanangu, nikivuka 410,000 si kodi itanimeza?" Nikachukua viwango vya PAYE vya Uganda, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza 2012. Hadi 235,000 hakuna kodi. Kuanzia hapo ni asilimia 10 ya kinachozidi, mpaka 335,000. Kisha ni 10,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 335,000, na juu ya 410,000 ni 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi hapo.

Funksheni ya vipande hiyo, mfukoni mwa mtu! Nikaiandika kwenye simu, tukaivuta grafu mpaka 410,000. Kwa 409,999 kodi ni 24,999.8, kwa 410,001 ni 25,000.3. Kushoto na kulia zinakutana 25,000. Mstari unapinda, haukatiki. Kwa hiyo, tukiacha kando makato ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kwenye 400,000 anabaki na 377,000, na kwenye 420,000 anabaki na 392,000. Mjomba alinyamaza kidogo, akaniomba nimwonyeshe tena taratibu.

Kisha akauliza kuhusu ada za kutoa pesa kwenye simu. Hizo nazo ni vipande, ila kila kipande kina ada moja isiyobadilika, na ukivuka mpaka inaruka. Nilimchorea mfano wa ngazi tatu. Penye kila mpaka LimitBelow ilitoa namba moja na LimitAbove ikatoa nyingine, maana yake hapo kikomo hakipo. Alichukua kalamu akazungushia mipaka yote miwili, na kabla sijarudi Kampala alikuwa ameshanakili viwango vya ada vilivyobandikwa kwa wakala ili tuvichore vyote.