Opampu ya bafa kwa umeme wa 5V: ununue ipi?

Ukifika dukani ukasema tu unataka opampu (chipu ya kukuza au kupitisha volti), huenda ukapewa LM358. Bei yake haiumi, na kazi nyingi inaziweza. Ila iunganishe kama bafa, yaani itoe volti ileile inayoingia, kwenye 5V, kati ya volyumu na pini A0 ya bodi ya Arduino Uno, inayosoma volti 0 hadi 5 kama namba 0 hadi 1023, kisha zungusha volyumu hadi mwisho. Namba zinapanda vizuri, halafu zinagota kwenye 700 na ushee, wakati ulitarajia 1023. Usihangaike na programu. Tokeo la LM358 huishia takriban volti 1.5 chini ya umeme unaoilisha. Ukiipa 5, inafika 3.5 hivi, basi.

Hapo wengi hukimbilia chipu inayosifiwa kwamba tokeo lake hufika ncha zote mbili za umeme, yaani 0 na 5V. Haitoshi. Kwenye bafa, volti inayotoka ndiyo iliyoingia, kwa hiyo ingizo nalo lazima lifike huko. LMV358 tokeo lake linafika, lakini kwenye 5V ingizo lake huishia karibu 4.2.

Kwa hiyo namba moja naipa MCP6002. Inatumia 1.8V hadi 6V, ingizo na tokeo vyote vinafika ncha zote mbili, na pini zimepangwa kama za LM358: unachomoa hii, unachomeka ile. Sifuri kamili haigusi. Kwa mzigo wa kiloomu 10 inaweza kubakiza hadi milivolti 25 kila upande, yaani kama hatua 5 za Arduino, na ukiikamua mkondo zaidi pengo linaongezeka. Usiipe 12V hata kwa kujaribu, itaungua.

Namba mbili: mwenye 12V achukue TLV2372, inayovumilia hadi 16V.

Ya tatu ni LM358 hiyohiyo, ukiwa na 9V: inafika 7.5, kwa hiyo 5 unaipata yote. Lakini sasa inaweza kuitupia Uno zaidi ya 5V, basi weka rezista ya kiloomu 4.7 kabla ya pini.

TL072 ya zamani iache kwenye meza ya sauti, kwenye ±15V. Ingizo lake likishuka karibu mno na upande hasi, tokeo linaweza kugeuka ghafla likaruka juu. Na 741, opampu ya tangu 1968? Muuzaji akikupa bure, chukua ukafundishie.