Albamu ya Once Upon a Time in the West: wahusika wanne na sauti zao

Muziki ambao Ennio Morricone aliitungia filamu hii ya Sergio Leone ya mwaka 1968 umetolewa katika matoleo kadhaa, na ninalolitathmini hapa ni lile lenye vipande 13, ambalo halifikishi hata dakika 40. Sina albamu nyingine ya muziki wa filamu niliyoisikiliza mara nyingi kama hii, kwa kuwa sijapata kusikia kwingine ambako kibwagizo cha mhusika kimebebeshwa kazi nzito kiasi hiki. Waliokulia kwenye ngano wataelewa upesi, maana bibi akianza wimbo wa jini au wa ndege fulani, watoto hujua ni nani anayekuja kabla hajatajwa.

Jill, anayeigizwa na Claudia Cardinale, amepewa sauti ya Edda Dell'Orso, anayeimba bila kutamka neno hata moja. Katika filamu, Jill anashuka kwenye garimoshi asikute mtu wa kumpokea. Anaingia ofisi ya stesheni kuulizia njia, kamera inabaki nje ikimtazama kupitia dirishani, kisha inapanda hadi juu ya paa, na mji unapofunuka ndipo okestra inapoinuka pamoja na mwimbaji. Ulinganifu huo haukuja kwa bahati. Morricone alivitunga vibwagizo vikuu kabla ya upigaji picha kuanza, na Leone akawa anavifungulia pale pale kazini ili waigizaji watembee na kugeuka kwa kuvifuata.

Kilele cha albamu, kwangu mimi, ni kipande cha saba, «Man with a Harmonica». Mgeni asiye na jina, anayeigizwa na Charles Bronson, si msemaji; husemewa na kinanda chake cha mdomo, kwa noti chache zinazolia kama pumzi ya mtu aliyekabwa. Mara gita la umeme linaingia kwa kishindo, nalo ni la Frank, muuaji anayeigizwa na Henry Fonda. Ufundi wenyewe uko hapa: maadui wawili wamewekwa ndani ya muziki mmoja, muda mrefu kabla mtazamaji hajajua ni jambo gani linalowafunga pamoja. Filamu inalichelewesha jibu hadi pambano la mwisho, ilhali muziki umekwisha kutoa ushahidi wake. Jibu lenyewe sitalitaja, ila aliyekwisha kulijua hawezi tena kukisikia kinanda kile kama ala ya kawaida.

Kibwagizo cha Cheyenne, jambazi anayeigizwa na Jason Robards, ni chepesi zaidi, banjo inayokwenda kama farasi asiye na haraka, na mluzi juu yake. Nakipenda sana, na ndiyo maana mpangilio wa albamu unaniudhi. «Farewell to Cheyenne», yaani kipande cha kumuaga, kimewekwa cha tatu, msikilizaji akiwa hata hajamzoea mtu huyo! Kibwagizo hupata uzito kwa kurudi, na kila kinaporudi huwa kimebeba yaliyomfika mwenyewe tangu tulipokisikia mara ya mwisho. Aliyevichanganya vipande hivi ameiondoa kumbukumbu hiyo. «Bad Orchestra» ninakiruka kila mara.

Naipa nyota nne kati ya tano. Anayetaka kuinunua ninamshauri aitazame filamu kwanza, kisha avipange vipande upya: aanze na cha kwanza, afuatishe «Jill's America», halafu «As a Judgement» na «Man with a Harmonica», ndipo amuage Cheyenne. «Finale» kibaki mwisho kama kilivyo, kwa sababu humo sauti ya Dell'Orso inarudi ikiwa imetulia, kama inavyorudi katika filamu Jill anapotoka nyumbani kuwapelekea maji wajenzi wa reli.